Uzi wa Heavy Plasma: bunduki ya maadui inayokulemaza akili (X-COM ya 1994)

KitasaMbovu

Wakuu heshima kwenu. Leo nataka tuongelee bunduki moja tu, Heavy Plasma, ile ya kwenye gemu la zamani UFO: Enemy Unknown, lile la kuongoza kikosi cha binadamu kupigana kwa zamu na viumbe wa anga za mbali, waliolipata kwa jina la Kimarekani wanaliita X-COM: UFO Defense lakini ni kitu kilekile, 1994, kazi ya Julian Gollop na ndugu yake Nick, walioliuza ni MicroProse. Najua humu kuna vijana wanaoijua X-COM ya 2012 tu, hao nao tutawafikia, watulie.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kurusha mawe aanze kuokota. Hevi plazma ndiyo silaha mbovu kuliko zote mle ndani. Sio mbovu kwa kuua, kwa kuua haina mpinzani. Mbovu kwa sababu siku ukiipata hutashika kitu kingine mpaka unaenda kumalizia gemu kule Cydonia kwenye sayari ya Mars, na silaha zingine zote ambazo jamaa walikaa wakazichora wakazipigia hesabu zinabaki stoo zinakula vumbi.

Angalia namba. Bastola ya plazma inagonga 52, Plasma Rifle 80, hii mnyama 115. Laser Rifle yetu sisi binadamu ni 60. Sasa ungetegemea bunduki nzito iwe na tabu yake, iwe inakula muda kwenye zamu, au magazini yake ibebe risasi chache, si ndio? Hamna. Magazini ya rifle ina risasi 28, ya hevi 35! Kubwa kwa nguvu halafu na chakula imebeba kuliko mdogo wake. Inapiga mfululizo, inapiga ya haraka, inapiga ya kulenga kwa asilimia 110. Tabu pekee ni uzito, na huo uzito askari akishakomaa kidogo hausikii.

Na haina uadimu. Mwanzoni wale viumbe wanakuja na bastola na rifle, ila miezi ikisogea karibu kila mmoja ana hevi mkononi, kwahiyo unaua unaokota, unaua unaokota, unarudi kambini na mzigo kama umetoka mnadani. Moja inauzika dola 171,600. Askari analipwa 20,000 kwa mwezi, yani hevi moja ni mishahara ya askari nane na chenji inabaki.

Haya karibuni.

---

bwana_mdogo97

Nimekaa pale, kahawa iko moto.

---

Sheikh Laser

Mkuu KitasaMbovu umeongea lakini umekosea kumtukana Laser Rifle hivihivi. Mimi nimemaliza gemu hilo mara nyingi na kikosi changu hakijawahi kuacha laser, nakupa sababu.

Kwanza laser haina risasi. Haina magazini, haina kujaza, haina ile unafika katikati ya misheni jamaa anakwambia imeisha. Na mnasahau gemu lile la zamani lina kikomo cha vitu 80 unavyoingia navyo vitani, sasa ukibeba hevi 14 kwa askari 14 wa Skyranger, ile ndege ya kubebea kikosi, na kila mmoja magazini ya akiba, mabomu, vifaa vya tiba, vya kupigia shoti, umeshajaza. Mimi nafasi zangu naweka mabomu.

Pili utafiti. Laser Rifle kutoka sifuri ni kama siku 450 za kazi ya mwanasayansi mmoja ukijumlisha hatua zote tatu, hevi peke yake ni kama 800. Unaanza na wanasayansi 10, piga hesabu mwenyewe, mimi mwezi na nusu nina laser mkononi, wewe miezi mitatu kasoro bado unakimbia na bunduki za risasi huku stoo imejaa hevi ambazo askari wako akizishika gemu linamwambia hujui kuitumia hiyo mpaka uifanyie utafiti. Umeoga mchanga upo baharini.

Tatu Sectopod, lile roboti la miguu. Plazma inalidunda tu, laser inalichana. Mwenye hevi peke yake anajua alivyolia siku ya kwanza.

Risasi ya haraka ya laser inakula asilimia 25 ya pointi za muda anazopewa askari kila zamu, ya hevi 30. Zamu moja napiga nne, wewe tatu. Nangoja majibu.

---

mamaa_wa_gemu

Sheikh shikamoo, ila hesabu yako umeikatia njiani kama daladala 😂

Nne kwa tatu sawa. Ila usahihi wa haraka wa laser ni 65, wa hevi ni 75. Tumchukue askari mmoja mwenye shabaha kamili ili tusigombane. Laser: risasi 4 mara 0.65 mara 60 unapata 156. Hevi: risasi 3 mara 0.75 mara 115 unapata kama 259. Haya tuje mfululizo, wote wawili wanapata mara mbili kwa zamu, risasi tatu tatu, jumla sita. Laser 46 kwa mia, inakupa 166 hivi. Hevi 50 kwa mia, inakupa 345. Zaidi ya mara mbili Sheikh. Na bado ngao hatujatoa, ukitoa ngao ndio laser inazidi kuaibika maana kila risasi ndogo inakatwa kiasi kilekile.

Kwenye Sectopod nakuachia. Na miezi ya mwanzo nakuachia.

Lakini mimi sijaja kwa ajili ya hesabu nimekuja kwa sababu ya KitasaMbovu kusema haina tabu isipokuwa uzito. Hivi wewe ulicheza lile gemu na nani? Tabu ya hevi ni kwamba WAO wanayo kabla yako!! Na tabu ya pili ni kwamba siku unayoipata wewe, wanakuchukulia mtu wako akili.

Nisimulie. Nilikuwa nina kikosi safi, wote hevi, wote wamevaa Power Suit, ile ngao ya mbele ni 100, nikaona hapa nimemaliza kazi. Tumeshuka kwenye chombo cha Ethereal, wale viumbe wanaoteka akili za watu. Wale hawana haja ya kukuona kila mmoja, mmoja wenu akishaonekana basi wanachagua wanayemtaka kati ya wote. Nina kadada kangu kamoja nilikaacha nyuma kabisa ndani ya Skyranger, mgongoni kwa wenzake, nikijua hapo ni salama. Zamu yao ikaingia, skrini ikaganda kidogo, halafu nikaona yule dada amegeuka. Mbele yake wamepanga foleni sita wanasubiri kushuka kwenye ngazi. Mfululizo wa kwanza, wawili chini. Wa pili, mmoja tena. Ile kijani ndani ya kale kachumba kadogo mpaka leo nikiona taa ya kijani naikumbuka. Na mgongoni ngao ni ndogo kuliko mbele jamani.

Sasa niambie, angekuwa na laser ya 60 je? Wangekufa watatu? Hapo ndio Sheikh angekuwa na hoja ila hajaisema.

---

Sheikh Laser

Marahaba. Hiyo hoja naichukua naiandika jina langu 😂😂

---

KitasaMbovu

mamaa umeua. Mimi hilo lilinikuta nikajifunza kwamba askari mwenye akili nyepesi hashiki kitu, anabebeshwa mabomu kwenye begi au anaachwa kambini. Ila mpaka ujenge Psi-Lab, ile maabara ya mafunzo ya nguvu za akili, umfundishe mwezi mzima ndio unajua yupi ana akili nyepesi, kwahiyo kabla ya hapo ni bahati nasibu.

Na hapo kwa "wao wanayo kabla yako" nakubali nilipita haraka. Naomba nirudi hapo maana ndio utamu wenyewe. Kwenye lile gemu kila risasi inatoa kuanzia sifuri mpaka mara mbili ya namba yake, yani hevi inaweza kukugonga 0 ukainuka ukajipangusa vumbi, au 230 ukawa historia. Askari mpya ana uhai kati ya 25 na 40. Umemvalisha ile ngao ya kwanza, mbele 50, una uhai 30, basi ili asife inabidi kete ianguke chini ya 80. Ni kama theluthi moja tu. Theluthi mbili anakwenda kwa risasi moja. Na amevaa ngao!

Ndio maana mtu yeyote aliyecheza anakumbuka ile ngazi ya Skyranger usiku. Hujaona kitu, giza, umemsogeza mtu hatua moja tu akanyage nyasi, unasikia ile sauti, mstari wa kijani unatoka gizani kona ya ramani ambayo hukujua kuna mtu, na jamaa yako anatoa ukelele. Hujapiga hata risasi. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaangalia pembeni akaniuliza "mjomba sasa mbona hujafanya kitu?" Nikamwambia ndio gemu hilo.

---

Fundi wa Gerezani

Habari za jioni. Mimi gemu sijui vizuri nimevutwa na neno plazma maana ndio mkate wangu, nakata vyuma kwa mashine ya plazma.

Plazma ni hewa tu wakubwa zangu. Mashine inasukuma hewa ya kompresa kupitia tundu dogo la tochi, ndani kuna umeme unaruka, hewa inapata moto mpaka chembe zake zinavunjika zinaanza kupitisha umeme, joto huko linaweza kufika nyuzi elfu ishirini. Chuma hakibishani nacho. Lakini sasa, tochi inakaa milimita chache tu kutoka kwenye bati. Ukiinyanyua kidogo mkono ukitetemeka moto unakatika, mashine inalia, unaanza upya. Maana ile hewa ikishatoka inataka kutawanyika ipoe, hakuna cha kuishika.

Kwahiyo hiyo bunduki yenu inayotupa plazma kona moja ya ramani mpaka nyingine, hao viumbe inabidi wana namna ya kuifunga kwenye sumaku njia nzima. Mkipata moja leteni hapa tuifungue.

---

bwana_mdogo97

Fundi umeniua "leteni tuifungue" 😂😂😂 hao X-COM wenyewe walihitaji wanasayansi 50 maabara nzima na ni wiki mbili na ushee, wewe na spana mbili.

---

Fundi wa Gerezani

Hao hawakuwa na njaa.

---

KitasaMbovu

Fundi karibu sana ukumbini. Gemu linasema nguvu yake inatoka kwenye madini yanaitwa Elerium-115, hayatengenezeki duniani, unayachukua kwenye mitambo ya vyombo vyao basi. Ukitaka kujitengenezea magazini za hevi kiwandani kwako inabidi uchome Elerium, na Elerium hiyohiyo ndio mafuta ya zile ndege zako za teknolojia ya viumbe, kwahiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anatengeneza magazini, unaokota za marehemu.

Hiyo 115 nayo ina kisa. Kuna Mmarekani Bob Lazar alijitokeza kwenye televisheni 1989 akadai amefanya kazi kwenye vyombo vya viumbe wa anga za mbali na mafuta yake ni elementi namba 115, wakati huo haijapatikana popote. Gemu limetoka 1994 nalo lina 115. Sasa elementi yenyewe imekuja kutengenezwa kweli 2003 kule Dubna Urusi, Warusi na Wamarekani pamoja, 2016 ikapewa jina moscovium. Mafuta hamna wakuu, inatengenezwa chembe chache na haikai hata sekunde moja imeshageuka kitu kingine.

---

Nai_Kaskazi

Wasee mko sawa? Niko Nairobi, nimesoma hii uzi yote nikiwa kwa matatu nimepitishwa stage.

Mimi ni wa ile ya 2012, ya kampuni ya Firaxis, ile Jake Solomon alisimamia. Na naona mnaongea kuhusu kuokota bunduki kama mtu anaokota maembe. Kwetu hakuna hiyo mambo. Ukiua alien bunduki yake inajilipua papo hapo, unabaki na vipande tu, vipande unapelekea maabara. Kama unataka ikiwa nzima lazima umshike mwenyewe akiwa hai, unaenda na Arc Thrower, kifaa cha kumpiga shoti azimie, na hiyo kitu range yake ni ya kusalimiana kwa mkono, na inashika vizuri tu kama jamaa umeshamchapa karibu kufa. Sasa wenye kubeba Heavy Plasma kule ni Muton Elite, wale alien wababe. Si mnajua Muton Elite? Yaani uende karibu na yeye, ndio hiyo bei.

Nilipata yangu ya kwanza baada ya kupoteza majamaa wawili kwa misheni moja nikijaribu kumpunguza damu bila kumuua. Ile furaha nilikuwa nayo siwezi eleza. Na kule si kila mtu anaibeba, ni yule wa kitengo cha Heavy peke yake. Sniper ana yake, wengine wana yao. Kwa hivyo hii shida KitasaMbovu analia nayo walishaitatua 2012, mambo kwisha.

---

KitasaMbovu

Nai karibu. Walitatua ndio, na hata kabla yao. 1995 MicroProse walitoa Terror from the Deep, ile ya chini ya bahari, pale hevi inaitwa Sonic Cannon, inagonga 130 lakini wameinyang'anya mfululizo, ukitaka kumimina risasi tatu kwa pamoja huwezi. Walikuwa wameshaliona. Na gemu zima likawa gumu la kuua mtu, kisa chake wengi mnakijua, lile la kwanza lilikuwa na hitilafu, hata uchague ugumu wa juu kabisa ukishamaliza misheni moja linajirudisha kwenye ule wa wanaoanza bila kukwambia, watu wakalalamika rahisi, jamaa wakakaza la pili bila kujua wanawajibu watu waliokuwa wanacheza leveli ya watoto.

Ila Nai mimi hilo la kujilipua silipendi. Nalielewa kwa hesabu, kwa moyo nalikataa. Mtu amekufa mbele yangu, bunduki yake iko chini kwenye majani, kwanini isiwe yangu? Kwenye ile ya 1994 mara ya kwanza unapoona orodha baada ya misheni, Heavy Plasma mbili, magazini tano, unajua hizi ndizo zilizoua watu wangu saa hizi, halafu huwezi kuzitumia, unaziweka stoo unazitazama miezi miwili, kila misheni unapigwa nazo na wewe unazo nyingi stoo! Ule uchungu ndio gemu. Ukilipua bunduki umelipua na huo.

---

Nai_Kaskazi

Buda hiyo nimeskia. Lakini umejipinga. Kwa post ya kwanza ulisema ndio silaha mbovu.

---

mamaa_wa_gemu

Hapo Nai kamkamata 😂

---

KitasaMbovu

Sijajipinga. Kabla hujaifanyia utafiti ni silaha bora kuliko zote niliwahi kuona kwenye gemu lolote. Baada ya utafiti ni mbovu. Ni siku moja tu inatenganisha.

---

Sheikh Laser

Basi cheza bila kuitafiti. Maneno hayaliwi. Weka laser mpaka Cydonia, utuletee majibu hapa. Na usiguse Blaster Launcher, ile ya kombora la 200 unalolikatisha kona kwa kona, maana najua ndio utakimbilia huko.

---

KitasaMbovu

Nimekubali. Naanza leo, OpenXcom kwenye laptop, ile injini huria unayoiwekea mafaili ya gemu la zamani, yenyewe imeshasafisha ile hitilafu ya ugumu kwahiyo hakuna kujificha. Masharti: hevi siitafiti, siitumii, nauza.

---

bwana_mdogo97

Kuuza je si faida ileile? Unakula pesa yake.

---

mamaa_wa_gemu

Ndio! Asiuze. Na asiokote. Aache chini.

---

Sheikh Laser

Asiokote.

---

KitasaMbovu

Gemu linaokota lenyewe ukishinda misheni jamani. Basi nitazirundika stoo ikijaa ndio nauza. Na katikati ya mapigano sigusi hata moja.

---

KitasaMbovu (baada ya siku nne)

Wakuu majibu ya awali. Mwezi wa tatu wa gemu, laser wote, stoo ina hevi 11 nazitazama tu kama mtu aliyefunga anapita kwenye sambusa.

Sheikh kwenye miezi hii ya mwanzo uko sahihi, laser iliwahi, na kutojaza risasi ni raha. Ila Muton wameanza kuja. Uhai 125. Jana usiku nimempiga mmoja laser nne, NNE zimeingia, amesimama ananiangalia.

Kilichonirudisha hapa lakini ni kingine. Chombo cha Sectoid, aina nyingine ya wale viumbe, shambani, usiku. Nimemuangusha mmoja karibu na zizi, hevi yake ikadondoka kwenye majani. Kwa desturi ningemtuma mtu aichukue ili isibaki pale, hata kama hajui kuitumia. Nikakumbuka masharti yenu. Nikaiacha, nikasonga mbele. Kuna mwenzake nilikuwa nimeshamtia woga zamu iliyopita mpaka akatupa bastola yake akakimbia, nikamfuta akilini, hana silaha huyo.

Amezunguka nyuma ya zizi, akaiokota.

Sajenti wangu, tangu Januari niko naye, misheni tisa. Risasi moja ya mgongoni.

---

mamaa_wa_gemu

😭😭 pole mkuu

---

Sheikh Laser

Innalillahi. Masharti yamelegezwa, kuokota ruksa. Kutumia bado marufuku.